Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuendesha majaribio ya kiotomatiki kwenye mradi wa Django

Mradi wetu ni mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa: hisa za kila wiki, mikopo, marejesho, faini, na ujumbe mfupi wa kumkumbusha mwanachama kwamba siku yake imefika. Umeandikwa kwa Python na Django (kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti), data inakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na majaribio tunayaendesha kwa programu iitwayo pytest. Kila anayejiunga nasi huuliza maswali yaleyale, mara nyingi kwa WhatsApp, mara nyingi usiku. Majibu ndiyo haya. Hata kama mradi wako hauhusu vikoba, mengi yatakufaa.

Jambo moja la lugha kwanza. Naandika "msimbo", siandiki "kodi", maana kila nikisema kodi ina makosa kuna mtu anadhani nazungumzia TRA.

Majaribio ya kiotomatiki ni nini hasa? Si naweza tu kufungua mfumo nikabonyeza-bonyeza?

Unaweza, na utaendelea kufanya hivyo. Ila ukibonyeza unaangalia kile ulichobadilisha leo. Hukumbuki kurudi kuangalia hesabu ya faini uliyoiandika mwaka juzi, na hapo ndipo mambo huharibika. Jaribio ni programu ndogo inayoita msimbo wako, inapokea jibu, halafu inauliza: ndiyo hili tulilokubaliana?

```python
def test_faini_ya_siku_tatu():
    mkopo = Mkopo(rejesho=Decimal("50000"),
                  mwisho=date(2024, 3, 5))
    assert mkopo.faini(date(2024, 3, 8)) == Decimal("3000")
```

Katiba ya kikundi hiki inasema faini ni shilingi 1,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Mwisho ni tarehe 5, mtu kalipa tarehe 8, kwa hiyo 3,000. Siku mtu atakapogusa hesabu hiyo na kuhesabu tarehe 5 yenyewe kama siku ya kuchelewa, `assert` itagoma kabla mweka hazina hajapigiwa simu na mwanachama mwenye hasira.

Naanzaje kwenye kompyuta yangu?

```
python -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install -r requirements-dev.txt
pytest
```

Kwenye Windows mstari wa pili ni `.venv\Scripts\activate`. Ule wa tatu ndio unaokula bando, kwa hiyo uendeshe mahali penye Wi-Fi. Pip huhifadhi vifurushi ilivyokwisha kupakua, hivyo ukifuta `.venv` na kuanza upya haitavuta kila kitu tena.

Wengi hukwama hapa na ujumbe `permission denied to create database`. Pytest haigusi hifadhidata yako ya kawaida. Hutengeneza nyingine pembeni, yenye jina lilelile likitanguliwa na `test_`, na yule mtumiaji wa PostgreSQL unayemtumia hana ruhusa ya kuunda hifadhidata. Ingia kama msimamizi, mpe:

```
ALTER USER kikoba CREATEDB;
```

Hiyo ni kwa kompyuta yako tu. Usiende kuiandika kwenye seva yenye fedha za watu.

Zile nukta na herufi zinazopita kwenye skrini zina maana gani?

Nukta ni jaribio lililopita. `F` limeanguka, yaani jibu si lile lililotarajiwa. `E` ni kosa lililotokea nje ya jaribio lenyewe, kwa kawaida kwenye maandalizi yake: hifadhidata haijawashwa, faili la mfano halipo. Ukiona `E` mstari mzima usianze kuchokonoa hesabu za riba; angalia kwanza kama PostgreSQL iko hewani. `s` limerukwa, na `x` ni lile tulilotangaza mapema kwamba litaanguka.

Yakianguka mengi kwa pamoja, usisome yote. `pytest -x` husimama kwenye la kwanza. Ukisharekebisha, `pytest --lf` hurudia yale tu yaliyoanguka mara ya mwisho. Na `pytest -k faini` huendesha yale tu yenye neno "faini" kwenye jina. Mimi siku nzima naishi kwenye hizo tatu, na `pytest` tupu naiendesha kabla ya kusukuma kazi, yaani kuituma kwa Git kwenye hazina ya pamoja ya msimbo.

Nimeandika jaribio, linapita vizuri sana. Hata nikiharibu msimbo linapita. Vipi?

Basi haliendeshwi. Pytest hutafuta mafaili yanayoanza na `test_` au kuishia na `_test.py`, na ndani yake huchukua vitendaji vinavyoanza na `test`. Mwenzetu mmoja aliita faili lake `majaribio_mikopo.py`. Jina zuri, la Kiswahili fasaha, na pytest ikalipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Kama lingekuwa faili pekee, amri ingerudisha msimbo wa kutokea 5, ambao maana yake hakuna jaribio lililopatikana, na mashine ya ukaguzi (seva inayoendesha majaribio kila tunaposukuma kazi) ingelalamika. Kwa kuwa yalikuwepo mafaili mengine mengi, hakuna aliyelalamika. Lilikaa hivyo wiki kadhaa, kila mtu akiamini mikopo inalindwa.

Tuliamua kuifundisha pytest majina yetu, ndani ya `pytest.ini`:

```
[pytest]
DJANGO_SETTINGS_MODULE = kikoba.settings_majaribio
python_files = test_*.py majaribio_*.py
python_functions = test_* jaribio_*
```

Ukiwa na shaka, `pytest --collect-only -q` huorodhesha kila jaribio lililoonekana bila kuliendesha. Na tabia nzuri kuliko zote: kila ukiandika jaribio jipya, vuruga msimbo makusudi ulione likianguka, kisha rudisha. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka hujui linapima nini.

Naambiwa "Database access not allowed". Mbona hifadhidata ipo?

Ipo, ila pytest-django (kiungo cha pytest na Django) hairuhusu jaribio kuigusa mpaka liombe. Weka `@pytest.mark.django_db` juu yake. Lakini jiulize kwanza kama unaihitaji kweli. Lile la faini hapo juu haligusi hifadhidata kabisa: linajenga mkopo kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kupiga hesabu. Majaribio ya aina hiyo hukimbia mamia kwa sekunde chache.

Umeme ulikatika katikati ya majaribio. Nimeharibu kitu?

Hapana. Imebaki tu ile hifadhidata ya `test_` ambayo kwa kawaida hufutwa mwishoni. Ukiendesha `pytest` tena itaifuta na kuunda mpya. Ukitumia `python manage.py test` ya Django yenyewe, itakuuliza kama uifute, andika `yes`. Watu huogopa kuandika `yes` wakiona neno la kufuta hifadhidata, na woga huo ni mzuri, usiupoteze. Soma jina: kama linaanza na `test_`, futa.

Yanachukua muda mrefu. Naweza kuyaharakisha?

Pima kwanza: `pytest --durations=10` inakutajia kumi yanayosuasua zaidi. Kwetu mkosaji wa kwanza hakuwa hesabu wala hifadhidata, alikuwa nywila. Django huisaga nywila kwa makusudi polepole ili mwizi asiweze kuibahatisha, na kila jaribio lililounda mwanachama lililipia usagaji huo. Kwenye mipangilio ya majaribio pekee tukaweka:

```python
PASSWORD_HASHERS = ["django.contrib.auth.hashers.MD5PasswordHasher"]
```

MD5 husaga haraka, ila ni dhaifu na haifai kulinda nywila ya mtu yeyote, lakini "mwanachama" wa jaribio hana akiba ya kuibiwa.

Pili, `--reuse-db` huacha hifadhidata ya majaribio ikae, isijengwe upya kila mara. Ukibadilisha jedwali, iendeshe mara moja kwa `--create-db`, la sivyo utapata makosa ya safu zisizokuwepo na kuanza kumtuhumu jirani. Tatu, pytest-xdist: `pytest -n auto` hugawa kazi kwa viini vyote vya prosesa, kila kimoja na hifadhidata yake. Kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 yenye kivinjari cha tabo thelathini, `auto` huigandisha mashine. Tumia `-n 2`.

Linapita nikiliendesha peke yake, linaanguka nikiendesha yote. Ni nini?

Kuna jaribio jingine linaloacha uchafu. Kila jaribio lenye `django_db` hufungwa ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata unaobatilishwa mwishoni, kwa hiyo safu ulizoingiza hupotea zenyewe. Kuna kisichorudi nyuma, nacho ni kihesabio cha namba za utambulisho. PostgreSQL haikirudishi hata muamala ukibatilishwa. Ukiandika `assert mwanachama.id == 1`, litapita peke yake, na likiwa la mia moja kwenye foleni namba itakuwa 57 au 312. Usitegemee namba, linganisha na `mwanachama.id` mwenyewe.

Wahalifu wengine wa kawaida: orodha iliyowekwa juu ya faili na kuongezwa vitu na kila jaribio, kache ya Django, na mipangilio iliyobadilishwa kwa mkono bila kurudishwa. Kwa hili la mwisho tumia `settings` ya pytest-django au `monkeypatch` ya pytest, ambazo hurudisha kila kitu zenyewe. Ukitaka kuwafumania mapema, sakinisha pytest-randomly. Huchanganya mpangilio kila mara na kukupa namba ya mbegu ili uweze kurudia mchanganyiko uleule.

Kuna jaribio kigeugeu: mara linapita, mara linaanguka. Si niliendeshe tena tu mpaka lipite?

Hili nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu tulishawahi kufanya hivyo na tukaumia.

Tulikuwa na jaribio la tarehe ya malipo lililoanguka usiku tu. Ukisukuma kazi mchana, nukta. Ukisukuma saa saba usiku, `F`. Ukiamka asubuhi ukabonyeza kurudia, nukta tena. Tukalibatiza Popobawa, tukacheka, na kila lilipoanguka mtu aliandika "Popobawa huyo, rudia" na kuendelea na kazi. Ikafika mahali timu nzima iliona rangi nyekundu na hakuna aliyesoma kilichoandikwa.

Siku moja mwanachama mpya wa timu, ambaye hakuwa amesikia utani huo, akasoma. Msimbo uliandika siku ya malipo kwa `timezone.now().date()`. Jaribio lilitarajia `date.today()`. Zinafanana kwa sura, lakini ya kwanza inatoa tarehe ya UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), na ya pili, kwa jinsi Django inavyopanga mazingira, inafuata saa za eneo tuliloweka, `Africa/Dar_es_Salaam`. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kwetu ni kesho na kwa UTC bado ni leo. Kwa muda wa saa hizo tatu, kila siku, jaribio lilikuwa linasema kweli.

Na kasoro haikuwa kwenye jaribio. Mtu aliyelipa kwa simu saa saba usiku tarehe 6, siku moja baada ya mwisho, aliandikiwa tarehe 5 na kukwepa faini. Si fedha nyingi, lakini kikoba huishi kwa kuaminiana, na daftari likitofautiana na SMS ya malipo kikao hakiishi.

Dawa ilikuwa neno moja: `timezone.localdate()`. Kisha tukaandika jaribio ambalo halingoji usiku uingie, linausimamisha kwa kifurushi cha `time_machine`:

```python
@time_machine.travel(datetime(2024, 3, 5, 22, 30, tzinfo=UTC),
                     tick=False)
@pytest.mark.django_db
def test_malipo_ya_usiku_ni_ya_tarehe_6(mkopo):
    malipo = mkopo.pokea(Decimal("50000"))
    assert malipo.siku == date(2024, 3, 6)
```

Saa 22:30 za UTC ni saa saba na nusu usiku Dar es Salaam, na tayari ni tarehe 6. Sasa linaendeshwa mchana kweupe.

Sheria tuliyobaki nayo: kigeugeu kikitokea mara mbili, mtu mmoja anaacha anachofanya na kukifuata mpaka kipatikane. Karibu kila mara utakuta saa, mpangilio wa majaribio, mtandao, au orodha iliyotoka hifadhidata bila `order_by`, maana PostgreSQL haikuahidi mpangilio wowote usipouomba.

Yanapita kwangu, yanaanguka kwenye mashine ya ukaguzi.

Linganisha mambo haya: toleo la Python, toleo la PostgreSQL, na mafaili. Hilo la mwisho ndilo linaloaibisha: una faili kwenye laptopu ambalo hukuliingiza Git. Pia Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi `Mkopo.py` na `mkopo.py`; Linux, ambayo ndiyo ya mashine ya ukaguzi, hutofautisha. Wengine hutumia SQLite kwao ili kuepuka kusakinisha PostgreSQL. Naelewa, lakini SQLite haijali urefu wa maandishi: safu ya herufi 20 itapokea 50 bila kusema kitu, na PostgreSQL itakataa. Utajua tofauti hiyo siku mbaya.

Je, majaribio yapige mfumo halisi wa malipo ya simu?

Hapana, hata kidogo. Tunaweka mpokeaji bandia anayerudisha majibu tuliyoyanakili kutoka mazingira ya majaribio ya mtoa huduma: malipo yamekubaliwa, salio halitoshi, mteja amekataa, na kimya. Usisahau kimya. Mtandao ukikatika baada ya mteja kuweka namba ya siri, mfumo wako haujui kama fedha imetoka au la, na ukituma ombi lingine unaweza kumkata mara mbili. Jaribio letu muhimu kuliko yote linatuma taarifa ileile ya malipo mara mbili na kudai rejesho liandikwe mara moja.

Ili mtu asisahau na kupiga mtandao kweli, tunatumia pytest-socket na `--disable-socket`: jaribio likijaribu kutoka nje linaanguka papo hapo.

Kwa nini kuna jaribio linalohesabu herufi za SMS?

Kwa sababu ya Ng'wandu. SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa za alfabeti ya kawaida ya GSM. Ikiingia hata herufi moja isiyo ya alfabeti hiyo, ujumbe mzima hubadilishwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Kibodi za simu nyingi hugeuza ile ritifaa ya "ng'" kuwa alama iliyopinda, ambayo haimo kwenye GSM. Kumbusho letu la herufi mia moja na kidogo likawa SMS mbili kwa kila Ng'wandu na Ng'hwani kwenye orodha, na bili ikapanda bila wanachama kuongezeka.

```python
def test_kumbusho_ni_sms_moja():
    ujumbe = kumbusho(jina="Ng’wandu", kiasi=50000)
    assert "’" not in ujumbe
    assert len(ujumbe) <= 160
```

Tunanyoosha alama hiyo kabla ya kutuma, na pia kabla ya kutafuta jina, maana mtu akitafuta kwa alama iliyonyooka hampati aliyeandikwa kwa iliyopinda.

Tunapaswa kufikia asilimia ngapi ya msimbo uliojaribiwa?

`pytest --cov` itakupa namba. Inakwambia mistari ipi iliguswa, haikwambii kama kuna mtu aliangalia jibu. Ukiita vitendaji vyote bila `assert` hata moja, utapata asilimia 100 na hutakuwa umejaribu chochote. Wapo wanaokwenda mbali kweli: watengenezaji wa SQLite wanaeleza kwamba kwa toleo la 3.42 msimbo wao wa majaribio ulikuwa mara 590 ya msimbo wa hifadhidata yenyewe. Hao wanatumika ndani ya simu karibu zote duniani. Sisi tunadai hivi: kila mstari unaogusa fedha uwe na jaribio, pamoja na kila tawi la `if` lake, na ukurasa wa "Kuhusu sisi" ukae kwa amani.

Nimepata kasoro. Nirekebishe kwanza au niandike jaribio kwanza?

Jaribio. Liandike lianguke kwa kasoro hiyohiyo, kisha rekebisha. Mfano wa juzi: riba ya 2,500.5 ilizungushwa ikawa 2,500, na mweka hazina akasema 2,501. `round` ya Python, nusu ikiwa katikati kabisa, huiangusha kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo `round(2.5)` ni 2 na `round(3.5)` ni 4. Tuliandika majaribio ya namba zote mbili, moja likaanguka, tukahamia `Decimal` yenye `ROUND_HALF_UP`, yakapita yote. Mtu angeanza kurekebisha bila jaribio, angeweza kujaribu kwa 3,501.5, akaona 3,502, na kufunga suala.

Naweza kuliruka jaribio moja ili kazi itoke leo?

Unaweza, ukitumia `@pytest.mark.xfail(strict=True, reason="...")`, si `skip`. Lililowekwa `skip` hulala milele. Lenye `xfail` ya `strict` bado linaendeshwa, na siku mtu atakaporekebisha kasoro bila kujua, litageuka na kuanguka kwa sababu limepita, na hapo utakumbushwa kuliondolea alama. Kwenye `reason` andika namba ya suala. "Nitarudi" si sababu. Tulishakuta tatu zenye neno hilo, na walioziandika wameshahamia kazi nyingine.

Kwa nini majina ya majaribio ni ya Kiswahili?

Kwa sababu yakianguka tunayasoma kwa sauti kwenye simu na mweka hazina. Akisikia `test_mdhamini_hawezi_kujidhamini` anajua ni kanuni ipi ya katiba, na zaidi ya mara moja amejibu: "Hiyo tuliibadilisha kwenye kikao cha Januari, hamkuambiwa?"